Tiba Isikatike Mpakani: Mwongozo wa Ushirikiano wa Jamii za Vijijini Katika Afya ya Akili

Mgonjwa anayechomwa sindano ya flufenazini, dawa ya ugonjwa mkubwa wa akili, kila baada ya wiki 4, akivuka mpaka kwenda kufanya kibarua cha mavuno kwa miezi mitatu, hukosa sindano tatu. Huko aendako hakuna anayejua kwamba yuko kwenye tiba. Kituoni kwao muuguzi anaandika "hakufika" kwenye rejesta. Na siku atakaporudi akiwa halali usiku na anasikia sauti, familia itaambiwa kwamba ameacha dawa mwenyewe. Ukiufuatilia mlolongo huo hutamwona mtu mmoja aliyezembea. Kilichokosekana ni wahudumu wawili, mmoja kila upande, wanaofahamiana kwa majina na wanaopeana habari kabla mgonjwa hajaondoka.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya jamii, wahudumu wa afya, viongozi wa vijiji na mashirika madogo yaliyo pande mbili za mpaka mmoja, ambayo yanataka kushirikiana katika afya ya akili lakini hayajui pa kuanzia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani mtu 1 kati ya kila 8, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Vijijini wataalamu ni wachache, na mpakani uchache huo huongezewa tatizo jingine, kwa kuwa kituo kilicho karibu zaidi na nyumba ya mgonjwa huenda kikawa ng'ambo, chini ya wizara nyingine, chenye dawa nyingine na kumbukumbu ambazo upande wa pili hauwezi kuzisoma. Msimamo wangu, na ndio unaobeba hatua zote zinazofuata, ni kwamba ushirikiano wa namna hii hupimwa kwa swali moja: mtu akivuka, je, tiba yake inavuka naye? Semina, mabango na hafla za kutia saini vina nafasi yake, ila vije baada ya swali hilo kupata jibu.

Hatua ya kwanza: Fahamuni nani anavuka, lini, na anaacha nini nyuma

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, tengeni wiki mbili au tatu za kuuliza na kuandika. Msitegemee takwimu za kituo cha forodha, kwa sababu watu wengi wa vijijini hupita njia za miguu na vivuko ambavyo havina daftari. Waulizeni waendesha pikipiki, wenye mitumbwi, wachuuzi, walimu na wakunga, kisha chorani kalenda ya miezi 12 inayoonyesha msimu wa palizi na mavuno, kipindi cha kuhamisha mifugo, likizo za shule na siku za soko. Kwa kila msafara andikeni anayeondoka na anayebaki, maana mzigo wa akili hauwi kwa msafiri peke yake. Mke aliyeachiwa watoto na deni, mzee aliyeachwa bila mtu wa kumchotea maji, na kijana aliyeacha shule ili ashike nafasi ya baba, wote wamo ndani ya kalenda hiyo ingawa hawajavuka hata mara moja.

Baada ya hapo tembeleeni vituo vya afya vya pande zote mbili. Ulizeni nani anaruhusiwa kuandika dawa za akili, huwa yupo siku zipi, na umbali wa kituo ni saa ngapi kwa miguu. Kisha ombeni kuiona rafu yenyewe. Orodha ya dawa muhimu iliyobandikwa ukutani inaweza kutaja haloperidoli ya anayesikia sauti, fluoksetini ya huzuni nzito, na kabamazepini na fenobabitali za kifafa, huku rafuni kuna kopo moja lililobaki vidonge vichache. Kinachomsaidia mgonjwa ni kile kilichomo rafuni, nacho ndicho cha kuandika kwenye daftari lenu pamoja na tarehe mliyokiona.

Hatua ya pili: Kusanyeni majina ambayo watu huyapa maumivu yao

Neno "sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, limekwisha kushika katika vitabu na redioni, lakini mwenye sonona haji kituoni akasema ana sonona. Husema ana mawazo, moyo ni mzito, mwili umechoka bila kazi, kifua kinambana, au kichwa kinamwenda mbio na usingizi umemkimbia. Anayemsikiliza asipoyajua maneno haya atampa dawa ya maumivu ya kichwa na kumruhusu aende zake.

Wapo waliolianza jambo hili vizuri. Watafiti waliofanya kazi katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, kabla ya kuanza matibabu ya mazungumzo katika vikundi mwaka 2002, waliwauliza kwanza wanakijiji wenyewe wanaitaje hali hiyo, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, moja likieleza mtu anayejichukia na jingine mtu anayejihurumia. Matibabu yakajengwa juu ya maneno hayo. Nchini Zimbabwe, mradi wa Benchi la Urafiki, ambamo bibi waliofundishwa huketi na wenye shida na kuwashauri, ulishika neno la Kishona "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, kwa sababu ndilo lililokuwa vinywani mwa watu.

Mpakani kuna jambo la kuangaliwa zaidi. Hata pale ambapo lugha ni moja, neno lile lile linaweza kuwa la heshima upande huu na tusi upande ule, kwa kuwa shule, redio na sheria zimelilea neno hilo kwa njia tofauti kwa miaka mingi. Kwa hiyo kaeni na vikundi vidogo vya watu sita hadi wanane kila upande, wanawake peke yao na wanaume peke yao, muwasimulie habari ya mtu asiyetajwa jina wala ugonjwa: ameacha kula vizuri, hataki kutoka nje, analia bila kusema sababu. Kisha ulizeni watu wa hapa wangesemaje kuhusu mtu huyo, wanadhani amepatwa na nini, wangempeleka kwa nani kwanza, na majirani wangemchukuliaje. Yawekeni majibu ya pande mbili sambamba kwenye karatasi moja. Zoezi hili huchukua siku chache tu, nalo huokoa miezi ya kuzungumza na watu kwa lugha isiyowafikia.

Mkitaka fomu ya uchunguzi, zipo zinazotumika sana, kama PHQ-9 yenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita na SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani yenye maswali 20 ya ndiyo au hapana. Chagueni moja, itumike pande zote mbili, ili alama aliyopata mtu upande mmoja ieleweke upande wa pili. Tafsiri ifanywe na watu wawili kila mmoja peke yake, mwingine asiyeijua fomu ya asili airudishe katika lugha ilikotoka, kisha ijaribiwe kwa watu wachache kabla ya kuanza kutumika. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kama katika wiki hizo mbili mtu amefikiri kwamba ni heri afe au ajidhuru. Mtu yeyote asilisome swali hilo kwa mgonjwa kabla hajafundishwa atafanya nini akijibiwa "ndiyo".

Hatua ya tatu: Undeni kamati ndogo yenye waliougua na waliouguza

Watu kumi wanatosha, watano kutoka kila upande. Katika kila watano, angalau mmoja awe mtu aliyewahi kuugua na angalau mmoja awe ndugu aliyeuguza. Wasialikwe kutoa ushuhuda siku ya uzinduzi kisha wakasahauliwa. Wapige kura kama wajumbe wengine, na nauli yao ilipwe kama ya mganga mkuu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unataka watu hawa washirikishwe kwa karibu katika maamuzi yanayowahusu, lakini hata pasingekuwa na mkataba, wao ndio wanaojua mahali ambapo tiba hukatika. Mjumbe wa kamati aliyewahi kulala nje ya kituo cha afya akisubiri dawa atauliza maswali ambayo mtaalamu hatayafikiria.

Viongozi wa dini na waganga wa tiba asili waitwe mapema, kwa sababu familia nyingi huanzia kwao, na wengi wao wana wagonjwa kutoka nchi zote mbili. Utafiti uliofanywa Ghana na Nigeria na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa wa saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini yasiyokuwapo, waliokuwa wakikaa kwa waganga walipata nafuu zaidi pale ambapo wahudumu wa afya na waganga walishirikiana kuwatibu. Hata hivyo ushirikiano huo uwe na masharti mawili yasiyojadiliwa: hakuna mgonjwa atakayefungwa minyororo, kupigwa wala kunyimwa chakula, na hakuna atakayeambiwa aache dawa alizoandikiwa kituoni. Mengine yote, ikiwemo sala na maneno ya faraja ambayo mganga hutoa, yanaweza kuendelea.

Hatua ya nne: Wekeni makubaliano kwenye karatasi, yakitaja sheria za pande zote mbili

Jamii nyingi hudhani kwamba kushirikiana na kijiji cha ng'ambo ni kazi ya mabalozi. Si lazima iwe hivyo. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu Ushirikiano wa Kuvuka Mipaka, uliopitishwa mwaka 2014, na mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 1980 ambao uliutangulia kwa upande wa Ulaya, yote imejengwa juu ya wazo kwamba mamlaka za mitaa zinaweza kushirikiana moja kwa moja, ndani ya sheria za nchi zao. Mifano hai ipo: katika mpaka wa Jamhuri ya Ireland na Ireland ya Kaskazini, mamlaka za afya zilianza kushirikiana rasmi mwaka 1992, na katika milima ya Pirenei hospitali ya Cerdanya, iliyofunguliwa mwaka 2014, inawahudumia kwa pamoja watu wa Uhispania na Ufaransa. Yenu haitakuwa hospitali. Itakuwa karatasi ya kurasa mbili au tatu iliyotiwa saini na serikali za mitaa, vituo vya afya na kamati, ikieleza nani anafanya nini na nani anapigiwa simu.

Katika karatasi hiyo yapo mambo manne yanayohitaji mwanasheria au ofisa wa afya wa kila nchi ayapitie. La kwanza ni leseni: muuguzi aliyesajiliwa upande mmoja kwa kawaida haruhusiwi kuandika dawa upande wa pili, lakini anaweza kufundisha, kushauriana na wenzake na kumsindikiza mgonjwa. La pili ni dawa zenyewe. Fenobabitali, na diazepamu ambayo ni dawa ya kutuliza, zimo katika Jedwali la IV, mojawapo ya orodha za dawa zinazodhibitiwa, la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo kuzivusha kwa wingi bila kibali ni kosa hata kama nia ni njema. Mkataba huo unaziruhusu nchi kuwaachia wasafiri wabebe kiasi kidogo kwa matumizi yao wenyewe, nchi nazo huweka masharti yake. Ulizeni masharti ya kila upande, muyaandike kwa lugha nyepesi, na mgonjwa apewe barua ya kituo inayoeleza dawa aliyobeba.

La tatu ni sheria kuhusu kujiua. Baadhi ya nchi zimeondoa adhabu kwa mtu aliyejaribu kujiua, kama Ghana na Malaysia zilivyofanya mwaka 2023, huku nyingine zikiendelea kumhesabu kuwa mhalifu. Mkiwa na hali mbili tofauti, mhudumu anayempeleka mtu ng'ambo usiku anaweza kuwa anampeleka kituo cha polisi bila kujua. La nne ni siri za mgonjwa, na hapa nasema kwa msisitizo: madaftari ya ushirikiano yasiandike uraia wa mtu wala hali ya vibali vyake vya ukaazi. Uvumi kwamba majina hupelekwa uhamiaji ukishaenea, hata ukiwa wa uongo, wagonjwa wanaohitaji huduma zaidi ndio watakaotoweka wa kwanza.

Hatua ya tano: Wafundisheni watu wa kijijini, kisha msiwaache

Kwa bahati njema hatuna haja ya kusubiri daktari bingwa apatikane kila kijiji. Katika utafiti wa Masaka na Rakai niliokwisha kuutaja, vikundi viliongozwa na watu wa kawaida wa maeneo hayo waliofundishwa kwa wiki mbili, vikakutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 16. Mwishoni, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 6.5, ilhali katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa asilimia 54.7. Nchini Pakistani, wahudumu wanawake wa afya waliowatembelea majumbani mama wajawazito na waliojifungua walipunguza sonona kwa kiasi kikubwa: miezi sita baada ya kujifungua, mama waliokuwa bado nayo walikuwa asilimia 23, wakilinganishwa na asilimia 53 ya wale waliotembelewa kwa njia ya kawaida, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008. Benchi la Urafiki, lililoanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda pamoja na bibi 14, lilichunguzwa kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukaonyesha kwamba baada ya miezi sita takriban asilimia 14 ya walioketi na washauri hao ndio waliobaki na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Miradi yote mitatu inafanana kwa mambo matatu. Wahudumu walikuwa watu wa pale pale. Mafunzo yalikuwa mafupi na yenye utaratibu ulioandikwa. Na walisimamiwa na kushauriwa muda wote wa kazi. La tatu ndilo linalosahaulika zaidi, kwa sababu mafunzo huleta picha za kupeleka kwa wafadhili, ilhali usimamizi ni kazi ya kila wiki isiyoonekana. Kwa ushauri wangu, mkiwa na fedha za kufundisha watu 40 au za kufundisha na kuwasimamia 10, fundisheni 10.

Chukueni utaratibu uliokwisha kujaribiwa badala ya kubuni wenu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mwongozo wa kutatua matatizo wenye vikao vitano vya wiki kwa wiki, kila kimoja cha dakika 90, unaoweza kuongozwa na mtu asiye mtaalamu. Na mwongozo wake wa matibabu kwa vituo vya kawaida vya afya, ambao toleo la kwanza lilitoka mwaka 2010, unafaa kwa wauguzi na matabibu. Pande zote mbili zifundishwe pamoja, katika chumba kimoja, wakiigiza mazungumzo wawili wawili, mmoja kutoka huku na mwenzake kutoka kule. Urafiki unaoanzia hapo ndio utakaomfanya mhudumu apige simu saa mbili usiku bila kuona haya.

Mazungumzo yenyewe yakifanyika vizuri huwa mafupi na ya kawaida. Mhudumu anaketi ubavuni mwa mgeni wake, mbali na masikio ya watu.

"Mama, siku hizi usingizi unakuja?"

"Unakuja, ila alfajiri unakimbia."

"Ukishaamka, wazo gani linatangulia?"

"Deni. Na mtoto aliyevuka, sina habari zake."

"Pole, mama. Kati ya hayo mawili, lipi tukilipunguza hata kidogo wiki hii utapata kupumua?"

Mama akichagua la mtoto, mhudumu haanzi kumhubiria habari ya subira. Anamwuliza mtoto alivukia wapi, nani alikwenda naye, na wanaandika pamoja jambo moja la kufanya kabla ya kukutana tena, pengine kumpigia mhudumu wa upande wa pili aulizie kambi ya vibarua. Kikao kinachofuata kinaanzia hapo: ilifanyika, haikufanyika, nini kilizuia. Mhudumu anayejua kwamba kuna mwenzake ng'ambo wa kumpigia ana cha kumpa mama huyu zaidi ya maneno.

Usimamizi upangwe hivi: kila wiki mbili wahudumu wa pande zote wakutane kwa simu na mtaalamu mmoja, na mara moja kwa mwezi ana kwa ana, kwa zamu kila upande. Kila mhudumu alete kisa kimoja kilichomshinda, bila jina la mgonjwa. Pawepo pia nafasi ya kueleza vinavyomlemea yeye mwenyewe, kwani anayesikiliza habari za vifo, vipigo na njaa wiki nzima naye ni binadamu.

Hatua ya sita: Kadi na makabidhiano

Hapa ndipo ushirikiano unapopata sura. Tengenezeni kadi ngumu inayoingia mfukoni, yenye muundo mmoja pande zote mbili. Upande wa nje usiwe na neno lolote la ugonjwa; uwe na jina ambalo mgonjwa anapenda kuitwa na namba ya simu ya mhudumu wake. Upande wa ndani uandikwe jina la kitabibu la dawa, wala si jina la kampuni, kwa sababu majina ya kampuni hubadilika kutoka nchi hadi nchi, pamoja na kipimo kwa miligramu, saa za kumeza, tarehe ya sindano ya mwisho na ya inayofuata. Miligramu ni jambo la usalama. Haloperidoli hutengenezwa kwa vidonge vya miligramu 1.5 na vya miligramu 5. Kadi iliyoandikwa "kidonge kimoja asubuhi na jioni" inaweza kumpa mtu zaidi ya mara tatu ya dozi yake akichukua dawa upande wa pili, na kama safari ilikuwa ya kinyume, akapata chini ya theluthi moja.

Sehemu ya chini ya kadi iachiwe mgonjwa mwenyewe. Aandike, au aandikiwe kwa maneno yake, dalili zinazotangulia ugonjwa wake kurudi na anachotaka afanyiwe, kwa mfano: "Nikianza kulala kwa muda wa saa mbili tu na kuongea usiku kucha, mpigieni dada yangu. Msinifunge. Nipelekeni kwa muuguzi anayenifahamu." Mistari hii mitatu humsaidia muuguzi ambaye hajawahi kumwona mtu huyo kuliko faili nzima.

Kadi haitoshi, kwa hiyo pawe na makabidhiano ya sauti. Mgonjwa akisema anasafiri na akikubali habari zake zipelekwe, mhudumu wake anampigia mwenzake, anasoma yaliyomo, na mwenzake anayarudia ili kuhakikisha ameyasikia sawasawa. Anayepokea ana siku 7 za kujibu neno moja kati ya mawili: "amefika" au "hajafika". Jibu likiwa "hajafika", anayetuma anakwenda kwa familia siku hiyo hiyo au inayofuata. Mgonjwa akikataa habari zake zivuke, uamuzi wake uheshimiwe. Apewe kadi aibebe mwenyewe na dawa za kumtosha, kwa kadiri kituo kinavyoruhusiwa kutoa.

Familia zielezwe pia kwa nini dawa haikatwi ghafla. Mwenye kifafa anayeacha fenobabitali ghafla anaweza kupatwa na degedege mfululizo zinazohatarisha maisha. Anayetumia fluoksetini huanza kuona nafuu baada ya wiki kadhaa, na akishapona huendelea nayo kwa miezi mingi zaidi ili sonona isirudi. Kabla ya kila msimu wa safari, kituo kipitie rejesta na kuwauliza wagonjwa wote walioko kwenye dawa kama wanatarajia kuondoka, badala ya kungoja waje kuaga.

Hatua ya saba: Jiandaeni kwa usiku wa hatari

Mtu akionyesha dalili za kutaka kujiua, aulizwe waziwazi. Kumwuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Asiachwe peke yake, vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe, na afikishwe kwa mtaalamu akiwa na mtu anayemwamini. Kamati ikubaliane mapema na maofisa wa mpakani, wa pande zote mbili, namna mgonjwa na msindikizaji wake watakavyopita baada ya lango kufungwa, nani ataamshwa na kwa barua gani. Fanyeni jaribio moja kwa kutembea njia yote usiku na kupima muda. Mara nyingi mtagundua kwamba namba iliyoandikwa kwenye makubaliano ni ya ofisa aliyekwisha kuhamishwa.

Kwa jamii za wakulima kuna jambo linalohitaji ushirikiano kuliko mengine, nalo ni sumu za mashambani. Sri Lanka ilipopiga marufuku kwa awamu viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015, kwa sababu mtu aliye katika saa yake mbaya hakuwa tena na sumu kali karibu naye, na wengi wanaoipita saa hiyo huishi. Marufuku ya nchi moja hudhoofika ikiwa chupa ile ile inauzwa kwa uhuru ng'ambo ya mto. Linganisheni orodha za viuatilifu vilivyokatazwa kila upande, mzungumze na wauzaji wa pembejeo, na mpeleke pengo mtakaloliona kwa maofisa kilimo wa nchi zote mbili kwa barua moja yenye saini za pande mbili.

Fedha, vipimo na siku mpaka utakapofungwa

Kuhusu fedha nina machache ya kusema. Kila upande utunze akaunti yake kwa sheria za nchi yake, na taarifa ya pamoja isomwe mbele ya kamati kila miezi mitatu. Vitu vya kulipiwa kwanza ni nauli za wahudumu, muda wa maongezi wa simu na usimamizi, kwani hivyo vikikosekana mengine yote husimama. Kiwango cha posho kilingane kwa uzito wa kazi pande zote, hata kama sarafu zinatofautiana, la sivyo chuki itaingia kabla ya mwaka kuisha.

Vipimo navyo viwe vichache: wangapi walikabidhiwa na wangapi walifika ndani ya siku 7, wangapi walikosa dawa kwa zaidi ya wiki moja, alama za fomu ya uchunguzi mwanzoni na baada ya vikao, na siku ambazo rafu ilikuwa tupu. Waulizeni wagonjwa wenyewe, kwa mazungumzo, kama walisikilizwa. Idadi ya watu waliohudhuria mikutano msiihesabu kuwa mafanikio.

Mwisho, mpaka unaweza kufungwa ghafla kwa sababu ya mlipuko wa ugonjwa, uchaguzi au machafuko. Mwaka 2020 nchi nyingi zilifunga mipaka yao katika muda wa siku chache. Kwa hiyo kila mwezi wahudumu wa pande mbili waandike orodha ya wagonjwa wanaopata tiba ng'ambo ya makwao, kwa namba za kadi zao tu, pamoja na dawa na tarehe zao. Nakala moja ikae kabatini kila upande, chini ya kufuli, na funguo zake wawe nazo watu wawili. Siku lango litakapofungwa, muuguzi wa kila upande aifungue orodha hiyo jioni ile ile, aanze na mwenye kifafa na mwenye sindano iliyo karibu, na aanze kupiga simu.